Rangi ya Kijani Haioni Wingu

Leo tuinue macho kutoka kwenye kompyuta tutazame mawingu.

Rubani anayeruka kwa kutegemea macho yake hana ruhusa ya kuyakaribia mawingu apendavyo. Marekani, chini ya futi 10,000 kutoka usawa wa bahari, katika sehemu kubwa ya anga inayosimamiwa na waongozaji, lazima aone umbali wa maili 3. Tena akae futi 500 chini ya wingu, futi 1,000 juu yake, au futi 2,000 kando yake. Kuanzia futi 10,000 masharti yanapanda: maili 5 za kuona, futi 1,000 juu au chini, na maili nzima kando.

Kwa nini? Chini ya kimo hicho ndege haziruhusiwi kuzidi takriban kilomita 460 kwa saa. Juu yake zinakimbia zaidi. Ndege inayoongozwa kwa vyombo inaweza kuchomoka winguni ghafla, na marubani wote wawili wanahitaji nafasi ya kuonana na kukwepana.

Shida ni kwamba ndege ndogo haina chombo cha kupima umbali wa wingu. Rubani anakisia tu. Hapo ndipo sisi waandishi wa programu tunapojitia kimbelembele na ramani za rangi. Kwenye programu nyingi za hali ya hewa, kijani maana yake dari ya mawingu imezidi futi 3,000 na macho yanafika zaidi ya maili 5. Sawa, lakini hayo yalipimwa uwanjani, pengine saa nzima iliyopita. Wingu lililokaa mlimani katikati ya safari halimo.

Na kosa hapa ni ghali. Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Illinois kilijaribu watu 20 wasiojua kuruka kwa vyombo, wakazuiwa kuona nje. Wote walishindwa kuidhibiti ndege, kwa wastani wa sekunde 178. Dakika 3 hazikutimia!

Maoni yangu: programu ioneshe kwanza kipimo kina umri gani na kilichukuliwa wapi, rangi ifuate baadaye. Na rubani akumbuke kuwa futi 500 ni mpaka wa mwisho, si shabaha ya kulenga. Akiwa na shaka, ageuze mapema. Tahadhari kabla ya hatari.

Wewe waonaje?