Mgema na Siki Yake

Wahenga walionya kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hawakusema adharauliwe. Sisi Waislamu wa Pwani twala wali wa nazi, twaezeka kwa makuti, twateka mchuzi kwa upawa wa kifuu; lakini likitajwa tembo, hugeuza nyuso. Kulikataa tembo ni wajibu wetu. Kuisahau kazi ya mgema ni jambo jingine.

Mgema hukwea asubuhi na jioni, kotama kiunoni. Hukata ncha ya karara ambalo halijapasuka, akatundika kibuyu. Utomvu unaodondoka ni mtamu. Haupiti saa nyingi ila huanza kuumuka wenyewe, ukawa tembo; ukiachwa zaidi, huchachuka ukawa siki. Karara lililogemwa halizai nazi, hivyo mwenye shamba hana budi kuchagua.

Kwa jirani zetu Wamijikenda, tembo lilikuwa zaidi ya kinywaji. Lilipelekwa kwenye posa, na wazee waliokuwa mashahidi wa mauziano ya mashamba na minazi walinyweshwa. David Parkin, katika kitabu chake cha 1972 juu ya Wagiriama, alieleza jinsi baadhi ya wakulima waliojikusanyia minazi walivyosilimu baada ya waganga kuwaambia kuwa pepo zao zataka wasinywe tembo. Wakaacha kunywa na kula pamoja na wazee. Hivyo tembo likawa mpaka baina ya watu wa mji mmoja.

Mpaka huo waweza kupunguzwa na siki. Maduka ya Mombasa yauza siki ya tufaha za Ulaya, itokayo ng'ambo. Asili yake ni nini? Wakulima wa Somerset, Uingereza, na wa Normandy, Ufaransa, kwa karne nyingi wamekamua tufaha, maji yake yakaumuka yakawa kileo kiitwacho saida. Na saida ikichachuka huwa siki. Njia ni ile ile ya tembo letu. Ufilipino nako, siki hutengenezwa kwa utomvu wa mnazi.

Je, sharia yasemaje? Maulamaa wa Kishafi, ambao wengi wetu Pwani twafuata madhehebu yao, wamesema kileo kikigeuka chenyewe kuwa siki, pasipo kutiwa kitu, siki hiyo ni tohara na ni halali. Na Mtume (S.A.W.) aliisifu siki kuwa kitoweo chema. Utomvu wa mnazi hugeuka wenyewe.

Kwa hiyo twaonelea kaunti za Kilifi na Kwale ziwasaidie wagema kupata vyombo safi, chupa na soko la siki. Kila chupa iandikwe wazi kuwa haikutiwa kitu, maana hilo ndilo mnunuzi Mwislamu atakaloliuliza kwanza. Nasi tuinunue kwa achari na kachumbari zetu, kabla ya kutafuta ya ng'ambo. Mgema atapata riziki yake, nasi hatutakuwa tumevunja sharia.