*TAMKO LA TAWI: NANI ANAMSIMAMIA MKAGUZI?*



Wiki hii mmebishana sana hapa kuhusu nyuklia. Wapo wanaosema tangu serikali igeuze macho kutoka Uyombo kwenda Siaya, jambo hili si letu tena. Wapo wanaotaka mradi urudi Kilifi, vijana wapate kazi. Tawi halitamaliza ubishi huo leo. Tunachosema ni kwamba pande zote mbili zimemsahau mkaguzi, na hasa bosi wake.

Kule Ohio, Marekani, kando ya Ziwa Erie, kuna kituo kiitwacho Davis-Besse. Mwaka 2001 mdhibiti wa nchi hiyo, NRC, alitaka vituo vya aina hiyo vikague vifuniko vya vinu kabla ya tarehe 31 Desemba, kwa kuwa nyufa zilikuwa zimeonekana kwingineko. Watumishi wa NRC walishaandaa hata rasimu ya amri ya kuzima kinu. Mwenye kituo akaomba muda, wakubwa wakampa hadi Februari 2002. Mwezi Machi ikagunduliwa kwamba asidi iliyokuwa ikivuja imekula chuma cha kifuniko, kina cha sentimita 16 hivi. Kilichobaki kuyazuia maji yenye joto na mgandamizo mkubwa ni ganda la chuma lisilofika unene wa sentimita moja!

Dalili zilikuwepo. Vichujio vya vifaa vya kupima mionzi vilikuwa vikiziba kwa kutu na kubadilishwa mara kwa mara. Wakaguzi wa NRC wana ofisi humo humo kituoni, na habari za vichujio walizipata. Hazikufuatwa hadi chanzo. Baadaye mkaguzi wa ndani wa NRC yenyewe aliandika kwamba muda uliongezwa kwa sehemu kubwa ili kumpunguzia mwenye kituo hasara.

Sisi wa vitabu vya hesabu tunaujua mchezo huu. Hoja ya ukaguzi inapanda kwa mkubwa, mkubwa anaonyeshwa gharama, hoja inalala. Ukiuliza, unaambiwa ukaguzi ulifanyika, faili hii hapa.

Kwetu, sheria mbili za 2019 zimetenganisha kazi: NuPEA inaendeleza mradi, KNRA inadhibiti. Hilo tunalipongeza. Japani, hadi ajali ya Fukushima ya 2011, mdhibiti alikuwa ndani ya wizara ile ile iliyoipigia debe nyuklia, wakavitenganisha 2012. Lakini NRC nayo ilikuwa imetengwa tangu zamani, na bado Davis-Besse ikatokea. Kwa hiyo ofisi mbili na vibao viwili havitutoshi.

Na kwa wanaosema mambo ya Siaya yabaki Siaya: KNRA ni moja kwa nchi nzima. Ikizoea kusongeza tarehe kule, itasongeza hapa.

Msimamo wa tawi ni kwamba wajumbe wetu, kwenye kikao chochote cha maoni ya umma, waulize haya kabla ya habari za ajira. Msimamizi wa wakaguzi anaweza kutia sahihi amri ya kuzima kinu bila kupiga simu wizarani? Hoja isiyofungwa inabaki kwa nani, na sisi tutaisoma wapi? Wahandisi wa kukagua wanaanza kufundishwa lini, kabla ya saruji au baada?

Tutayajadili Jumamosi saa nane mchana, mahali pa kawaida. Asiyeweza kufika atume swali lake kwa Katibu kabla ya Ijumaa jioni.

_Katibu wa Tawi, kwa niaba ya Kamati_