Nani ameshika usukani?

Na Zuhura Makame

Wahenga walisema manahodha wengi chombo huenda mrama. Ajali ya Kenya Airways huko Douala, Kameruni, inaonyesha kwamba chombo huenda mrama pia pale kila mmoja anapoamini kuwa mwingine ndiye nahodha. Usiku wa manane wa tarehe 5 Mei 2007, ndege namba KQ507 iliruka kuelekea Nairobi ikiwa na watu 114. Ilikuwa Boeing 737-800 ambayo haijatimiza hata mwaka. Ilipopanda kiasi cha futi 1,000, kapteni alitamka agizo la kukabidhi usukani kwa otopailoti. Otopailoti haikuingia kazini, na rubani msaidizi hakuthibitisha lolote. Kwa karibu dakika nzima ndege ikawa inalalia kulia polepole bila mtu kuiongoza, na nje giza totoro, mbingu haionekani wala ardhi. King'ora kilipolia, usukani ukageuzwa kulia kulekule. Wote 114 walikufa kwenye kinamasi cha mikoko, kilomita chache tu kutoka uwanjani.

Kwangu, ajali hii ina kanuni moja inayozaa nyingine zote: kuagiza si kutiiwa. Rubani akishabonyeza kitufe, asome kwenye kioo kilicho mbele yake kama mfumo umeitika kweli. Mwenzake naye aseme kwa sauti anachokiona, hata kama anayeketi kushoto ni kapteni mwenye mvi. Ndege ikifanya wasilolielewa, wasibaki kubishana na kompyuta huku inazidi kuinama. Waitoe otopailoti, wanyooshe mabawa kwa mkono, maswali yafuate baadaye. Hilo linataka mkono usiosahau kazi. Mwaka 2009, vipima mwendo vya Air France 447 viliganda barafu juu ya Atlantiki, otopailoti ikajitoa, na rubani akavuta pua juu hadi mabawa yakashindwa kuibeba ndege. Watu 228 waliangamia.

Wapo watakaosema mitambo hii imeokoa wengi kuliko iliowaponza. Nakubali, na sitaki iondolewe. Rubani aliyechoka huihitaji. Lakini kinachotegemewa sana ndicho kinachosahaulika kukaguliwa. Wengine watanikumbusha Ethiopian Airlines 302, iliyoanguka Machi 2019 ikitoka Addis Ababa kuja Nairobi na kuua watu 157. Hapo kompyuta ndiyo iliyosukuma pua chini, ikiamini kihisi kimoja kilichodanganya. Hoja hiyo ni nzito, ila haibomoi kanuni, inaifikisha kiwandani. Mtengenezaji hakuwa amewaeleza marubani habari za mfumo huo hadi ndege ya kwanza ya aina hiyo ilipoanguka Indonesia mwaka 2018, na hakuna anayeweza kukagua alichofichwa.

Kwa hiyo mashirika yetu yasiridhike na marubani wanaojua vitufe tu. Yawape muda wa kutosha wa kurusha kwa mkono, na yamfundishe rubani msaidizi kwamba kumuuliza kapteni "imeingia?" si utovu wa adabu. Usiku ule Douala, neno hilo moja halikutamkwa.