Kibao Kimeanguka, Nani Akisimamishe?

Vijana wenzangu, chukueni njia panda yoyote pale mtaani kwenu ambapo barabara ya mtaa inaingia kwenye barabara ya mkoa. Kibao cha kivuko kimegongwa na lori, kimelala kwenye mtaro. Rangi ya zebra ilishafutika. Saa kumi na mbili asubuhi watoto wa shule wanavuka kwa kukimbia. Sasa niambieni, hapo tunamlilia nani?

Ukisoma makaratasi, jibu ni rahisi. Barabara kuu na za mikoa ni za TANROADS, iliyo chini ya Wizara ya Ujenzi. Barabara za wilaya, mijini na vijijini, ni za TARURA, iliyo chini ya TAMISEMI. Njia panda ndipo wizara mbili zinapokutana, na kibao chetu kimeangukia katikati. Na yule tuliyempigia kura, diwani wetu, hayumo kwenye mnyororo hata mmoja.

Haikuwa hivi siku zote. Kabla ya 2017, barabara za halmashauri zilikuwa chini ya mhandisi wa halmashauri. Baraza la madiwani lilimwita, likamhoji, likapitisha bajeti yake. TARURA ilipoanzishwa mwaka 2017, kazi hiyo ikahamia kwa wakala. Meneja anaweza kuja kwenye baraza akasoma taarifa vizuri tu, ila anayempima kazi hayupo ndani ya ukumbi ule.

Tukumbuke na majira yenyewe. Uchaguzi wa 2015 uliwapa wapinzani uongozi wa Jiji la Dar es Salaam, Arusha na Mbeya. Mwaka wa fedha 2016/17 kodi ya majengo ikapelekwa TRA. Mwaka 2017 ada ya mabango ya matangazo nayo ikaenda TRA. Mwaka huohuo barabara zikaondoka. Mimi sisemi ni mpango, wala sisemi ni bahati mbaya. Hesabu mwenyewe: wakati ule meya alibaki na nini zaidi ya joho na mkufu?

Na hapo kwenye mabango ndipo pana kichekesho. Bango la biashara likisimama kando ya barabara, wenyewe wanajitokeza mara moja: huyu anadai eneo ni hifadhi ya barabara, yule anadai ada ya tangazo. Bango la soda lina wajomba kibao. Kibao cha "Watoto Wanavuka" hakina hata shangazi, maana hakiingizi hela.

Anayelipa ni mwananchi. Kibao cha 50 kikianguka, dereva mgeni hajui, anapigwa tochi mbele. Mtoto akigongwa, tunaambiwa dereva mzembe. Labda ni mzembe kweli. Lakini hata mzembe huonywa kwanza.

Tuwe wakweli pia. Enzi za halmashauri barabara hazikuwa peponi. Kuna fedha za barabara zililiwa, na kuna halmashauri hazikuwa na wahandisi wa kutosha. Hoja ya kuunda wakala wa kitaalamu haikuwa ya kipuuzi. Lakini mwizi akiingia ndani, hutibu kwa kumnyang'anya mwenye nyumba ufunguo. Unamkamata mwizi. Utaalamu ubaki kwa wakala, usimamizi urudi kwa wananchi.

Tunataka mambo matatu. Kwanza, kila njia panda iwe na mwenyewe mmoja: wakala wa barabara kubwa awajibike kwa vibao na michoro yote ya hapo, kwa muda maalumu wa kurekebisha. Kubishana mpaka ni wa nani wafanye baadaye, kibao kikiwa kimesimama. Pili, orodha ya barabara za kila kata, nani anaimiliki ipi, ibandikwe ofisi ya kata na ya mtaa. Tatu, mpango wa mwaka wa TARURA upite mikononi mwa baraza la madiwani, na baraza liwe na nguvu ya kuukataa, sio kupokea taarifa na kupiga makofi. Kila lita ya mafuta tunayonunua ina tozo ya barabara ndani yake, na tangu 2021 tuliongezewa shilingi 100 kwa ajili ya barabara hizihizi za TARURA. Hatuombi hisani.

Kazi yetu inaanza wiki hii. Kila tawi litembee barabara zake, liandike vibao vilivyoanguka na vivuko vilivyofutika, lipige picha. Barua ziende ofisi zote mbili siku moja, nakala kwa diwani, na mpokeaji agonge muhuri. Wakirushiana mpira, tutakuwa na mihuri yote miwili mkononi, na baraza likikaa tutaiweka mezani.

Kibao kimoja ni kitu kidogo. Ila nchi isiyojua nani asimamishe kibao, itajuaje nani awajibike mtoto akigongwa?