Mkakati wa Biashara Hausomwi kwa Hojaji

Katika vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki, shahada ya uzamili ya utawala wa biashara ina wapenzi wengi, na ndani ya shahada hiyo somo lenye fahari kuliko mengine ni mkakati. Wanafunzi wake si watoto. Wengi wao ni watu wazima wenye kazi na jamaa, ambao hutoka ofisini jioni wakiwa wamechoka, wakaingia darasani mpaka usiku, na Jumamosi hawapumziki. Karo yao huikata katika mishahara yao wenyewe. Watu wa namna hii wanastahili kupewa elimu ya kweli. Dai la makala haya ni kwamba aghalabu hawapewi, na kwamba lawama haiwapasi wao, bali inawapasa wale wanaowachagulia maswali ya utafiti na kuwapitishia majibu.

Chukua tasnifu yoyote katika rafu ya somo hili. Yamkini itaitwa athari ya mikakati ya ushindani juu ya utendaji wa mabenki, au wa hoteli, au wa makampuni ya bima, katika mji fulani. Sura ya pili imejaa majina ya wataalamu wa Marekani. Sura ya tatu inatangaza kwamba hojaji ilipelekwa kwa mameneja kadha wa kadha, nao wakaombwa kuweka alama katika mojawapo ya vyumba vitano: nakubali sana, nakubali, sina hakika, sikubali, sikubali kabisa. Alama zikajumlishwa, wastani ukapatikana, tena mpaka tarakimu tatu baada ya nukta. Mwishowe inaonekana kwamba mkakati una athari njema juu ya utendaji, na makampuni yanashauriwa yawe na mkakati.

Meneja ameulizwa kama mkakati wake umefaa, naye amejibu kwamba umefaa. Ni sawa na kumwuliza mpishi kama pilau yake ina ladha, kisha kuyaita majibu yake utafiti wa vyakula. Na kwa kazi hii mtu ametoa miaka miwili ya maisha yake.

Ajabu ni kwamba elimu hii haikuzaliwa hivyo. Mwaka 1962 Alfred Chandler, mwanahistoria wa Marekani, alitoa kitabu ambacho ni miongoni mwa misingi ya somo zima. Hakupeleka hojaji kwa mtu. Alichukua makampuni manne, yaani Du Pont, General Motors, Standard Oil ya New Jersey na Sears, Roebuck, akachungua karatasi zao za ndani, akazungumza na waliokuwapo, akaeleza ni lini na kwa nini kila moja liliacha kutawaliwa na ofisi moja ya katikati na kugawa kazi zake kwa idara zenye madaraka. Kauli yake kwamba muundo wa kampuni hufuata mkakati wake yajulikana na kila mwanafunzi. Lakini mwanafunzi hupewa kauli. Hafundishwi kazi iliyoizaa.

Baada yake alikuja Michael Porter wa Harvard, ambaye kwa makala yake ya mwaka 1979 na kitabu chake cha mwaka 1980 alifundisha kwamba faida hubanwa na nguvu tano: washindani waliomo, wapya wanaotaka kuingia, wanaokuuzia, wanaonunua kwako, na bidhaa nyingine zinazoweza kushika nafasi ya bidhaa yako. Ni fikira njema, nami siidharau. Wako wanaocheka kwamba Monitor, kampuni ya ushauri ambayo Porter alishiriki kuianzisha mwaka 1983, ilifilisika mwaka 2012. Kicheko hicho ni cha bure, maana tabibu naye hufa na dawa zake zikabaki kuwa dawa. Ubaya uko pale fikira inapogeuzwa kuwa sanduku lenye vyumba vitano, na kila biashara ya dunia ikashurutishwa kuingia humo.

Jaribu, msomaji, kumtia winga wa Kariakoo katika sanduku hilo. Winga hana duka wala bidhaa. Husimama barabarani, au husambaza kwa simu picha za nguo na viatu vilivyomo katika maduka ya watu. Hupatana bei na mteja, huchukua mali dukani, na tofauti ya bei ndiyo riziki yake. Je, yeye ni mnunuzi wa mwenye duka? Au ni mshindani wake, kwa kuwa huuza mali ile ile kwa mteja ambaye angaliweza kuingia dukani mwenyewe? Au ni mtumishi asiye na mshahara? Pengine ni yote matatu kabla ya adhuhuri. Na mwenye duka, kwa nini amwache? Huamuaje ni winga yupi apewe mali kauli, yaani mali itokayo dukani kwa ahadi ya mdomo, na yupi alipe kwanza? Hapo pana hesabu ya hatari, ya uaminifu, ya wingi wa mauzo, na ya mahali mteja alipo. Hapo pana mkakati. Walakini ni nadra kuukuta katika mtihani.

Watakuwapo watakaosema kwamba hadithi za sokoni si elimu. Hao nawakumbusha kisa cha Honda, ambacho vyuo vya Marekani vyenyewe hukisimulia kwa njia mbili. Mwaka 1975 Boston Consulting Group iliiandikia serikali ya Uingereza ripoti juu ya kuanguka kwa pikipiki za Kiingereza. Ushindi wa Wajapani ulielezwa kwa hesabu: walitengeneza pikipiki nyingi kwa soko la kwao, gharama ya kila moja ikashuka, wakaingia Marekani na pikipiki ndogo za bei nafuu. Maelezo yalikuwa safi, hayana vumbi. Baadaye Richard Pascale alikwenda Japani akawauliza wakubwa wa Honda wenyewe, akachapisha maneno yao mwaka 1984. Walisema kwamba walipofungua ofisi yao Los Angeles mwaka 1959 walikuwa na fedha kidogo, na tumaini lao lilikuwa katika pikipiki kubwa. Pikipiki hizo zikaharibika na kuvuja mafuta, maana Marekani ziliendeshwa mbali na kwa kasi kuliko kwao. Zile ndogo za Super Cub walikuwa wakizipanda wenyewe kwa shughuli za mjini. Watu wakaziona, wakaziulizia, na biashara ikaota mahali wasipoipanda. Ni maelezo yapi yenye uzito zaidi? Wataalamu wangali wanabishana, na huenda yote mawili yana haki yake. Lakini ubishi huo wenyewe, ambao ndio elimu, usingalipatikana lau asingalikuwapo mtu wa kwenda kuuliza: ilikuwaje?

Nasi tunacho kisa kikubwa kuliko hicho. Vodafone ya Uingereza, ikisaidiwa kwa fedha na serikali ya nchi hiyo, ilianza mwaka 2005 jaribio nchini Kenya pamoja na Safaricom. Nia ilikuwa kwamba wakopaji wa taasisi moja ya mikopo midogo walipe madeni yao kwa simu. Wakopaji walilipa, lakini walifanya na mengine wasiyoambiwa. Walitumiana fedha wao kwa wao, wakalipana katika biashara zao, wakazilaza fedha ndani ya simu wapate kulala salama. Huduma ilipofunguliwa kwa watu wote mwezi wa Machi 2007, kwa jina la M-Pesa, habari ya mikopo ilikuwa imewekwa kando, na neno la mbele lilikuwa kutuma fedha nyumbani. Tanzania iliipata mwaka 2008, nayo ikaenea kwa mwendo wa polepole kuliko Kenya. Afrika ya Kusini iliipata mwaka 2010. Ikafungwa mwaka 2016. Jina ni lile lile, na mambo yamekuwa matatu mbalimbali. Tena ni Tanzania ambako tangu mwaka 2014 makampuni ya simu yaliyokuwa yakigombea wateja yalianza kupatana, fedha ipite kutoka mtandao mmoja hadi mwingine. Katika sanduku la nguvu tano kila mshale ni wa vita. Mapatano ya namna hii yatakaa chumba gani?

Nick Hughes na Susie Lonie, walioishughulikia huduma hiyo kwa upande wa Vodafone, waliandika kisa chake mwaka 2007, na kurasa zao chache zinamfaa mwanafunzi kuliko hojaji mia. Upande wa mawakala wa mwanzo, waliofunga fedha zao katika jambo lisilojulikana, nao unastahili mwandishi wake.

Kuna dosari nyingine, nami naiona kubwa kuliko zote. Hojaji haipelekwi kwenye duka lililofungwa, kwa sababu hapana meneja wa kuijaza. Uchumi, lililoanzishwa nchini Kenya mwaka 1975, lilifunga milango mwezi wa Juni 2006, likafunguliwa tena mwaka ule ule, likarudi katika soko la hisa mwaka 2011, na mwaka 2015 likafunga matawi yake ya Uganda na Tanzania. Nakumatt, iliyotokana na biashara ya magodoro mjini Nakuru na kuenea hata nchi jirani, iliwekwa chini ya msimamizi kwa amri ya mahakama mwaka 2018, na mwaka 2020 wadai wake wakakubali ifilisiwe. Kila tawi lililofunguliwa lilikuwa na watu waliokata shauri lifunguliwe, na yamkini walikuwapo waliokataa. Anayetafiti kwa hojaji hukutana na waliopona tu. Anataka kujua hatari za bahari kwa kuwauliza manahodha waliorudi bandarini.

Najua jibu nitakalopewa: makampuni hayafungui majalada yao. Ni kweli kwa makampuni yaliyo hai. Lakini kampuni iliyofikishwa mahakamani huacha hati, na iliyouza hisa kwa watu huacha taarifa za kila mwaka. Tena mwanafunzi mwenyewe hutoka katika benki, bandari au kiwanda saa kumi na moja jioni, akiwa ameshuhudia mchana kutwa mambo ambayo mwalimu wake hayajui. Humo darasani huulizwa juu ya General Motors. Na aandike aliyoyaona kwa idhini ya mwajiri wake, na chuo kiifungie tasnifu yake miaka mitano au kumi kabla haijasomwa na watu. Kufungia tasnifu si jambo geni vyuoni. Tarakimu nazo sizikatai. Bei, mauzo, madeni na mishahara ni tarakimu, na hizo ndizo hasa zinazokosekana pale wastani wa maoni unapokaa mahali pao.

Liko pia jambo la lugha. Shauri la biashara la Kariakoo au la Kongowea hukatwa kwa Kiswahili, likaandikwa katika tasnifu kwa Kiingereza. Njiani mali kauli hugeuka kuwa mkopo, na ile kauli, ambayo ndiyo dhamana yenyewe, hupotea. Kilemba anachotoa mfanya biashara ili apewe fremu ya duka huitwa kodi, nacho si kodi. Mtafiti aliyepoteza maneno haya amepoteza alichokwenda kukitafuta, na hapana hesabu ya wastani itakayomrudishia.

Basi na ipunguzwe hojaji, na kila mwanafunzi wa mkakati atakiwe kuandika historia ya shauri moja tu: nani alilitaka, nani alilipinga, fedha zilitoka wapi, nini kilitazamiwa na nini kikatokea. Waliokuwa wakiipelekea Nakumatt bidhaa kwa mkopo wanaweza kueleza malipo yalianza kuchelewa lini, na kwa nini hawakuacha kupeleka. Mwanafunzi mmoja, kwa daftari moja na ruhusa ya msimamizi wake, aweza kuanza kuwauliza muhula huu.