Likizo ya Bujumbura na Kifaransa cha mtoto

Zipo shule zetu za sekondari zinazofundisha Kifaransa, na mzazi aliyelipa karo ya miaka mitatu hupenda kuisikia lugha hiyo ikitoka kinywani mwa mwanawe, si kuiona daftarini peke yake. Hapo ndipo huja fikra ya likizo ya Juni: tuvuke mpaka, mtoto akazungumze. Fikra ni njema. Lakini tuvuke mpaka upi, na mtoto akishafika huko azungumze na nani?

Kwa familia zilizoko Kigoma na Kasulu, jibu la karibu ni Burundi kupitia Manyovu. Kigali tunaiweka nyuma katika jambo hili, kwani tangu mwaka 2008 Rwanda iliamua kusomesha kwa Kiingereza, na kijana wa huko wa rika la mwanao yamkini atamjibu kwa Kiingereza. Goma ina Kifaransa kingi, ila mji huo ulitekwa na waasi wa M23 Januari 2025 na si mahali pa kupeleka familia kupumzika. Moroni ni mji wa Waislamu wenzetu na Kifaransa ni lugha rasmi huko, lakini haufikiwi kwa basi, na tiketi za ndege za watu watano ni mzigo mwingine kabisa.

Basi iwe Bujumbura. Na Bujumbura kwa Mwislamu maana yake ni Buyenzi, mtaa uliokuwa makao ya Waswahili tangu enzi za Wabelgiji. Misikiti iko karibu, chakula hakina shaka, na barazani watu huzungumza Kiswahili. Tungekuwa twatafuta raha tu, tusingekwenda kwingine. Ila mtoto aliyefikia Buyenzi aweza kumaliza siku kumi bila ya kutamka sentensi moja ya Kifaransa, kwa kuwa hana haja nayo. Akihamia mtaa mwingine atakuta watu wanazungumza Kirundi majumbani mwao. Hili ni bora mzazi alijue kabla ya kulipa nauli: Kifaransa cha Burundi si lugha ya jikoni wala ya genge la ndizi. Ni lugha ya darasa, ofisi, benki, duka la dawa na gazeti. Anayetaraji kukisikia kila kona atarudi akisema amepoteza fedha zake.

Hatusemi familia isilale Buyenzi. Ilale, na iswali jamaa na wenyeji wake. Saa za mchana ndizo zipangwe kwa ajili ya lugha. Bujumbura ipo Taasisi ya Ufaransa yenye maktaba. Mtoto apelekwe akaulize mwenyewe utaratibu wa kusoma humo. Anunue gazeti la Le Renouveau na kumsimulia baba yake habari moja kila jioni. Akitumwa duka la dawa kununua dawa ya maumivu ya kichwa, aseme ni ya nani na mgonjwa ana umri gani. Kama ni binti, mama asimame nyuma yake, lakini asimjibie. Kujibiwa na wazazi ndiko kunakowanyamazisha watoto wengi safarini. Muuzaji huuliza, mtoto hufikiri kidogo, na baba, kwa kuona haya ya ule ukimya, hudakia kwa Kiswahili. Basi mazungumzo yamekwisha.

Mtoto aandaliwe pia kwa fedheha ndogo. Wenzake wa Burundi husoma masomo ya sekondari kwa Kifaransa, kwa hiyo watamzidi, na huenda wakacheka. Hata hesabu itamtatiza. Darasani kwetu amefundishwa kuwa sabini ni soixante-dix na tisini ni quatre-vingt-dix. Bujumbura ataambiwa septante na nonante, kwa desturi iliyoachwa na Wabelgiji. Akidhani amekosea atafunga mdomo. Akielezwa mapema, atajua kwamba yeye na muuza duka wote wako sahihi, tena hesabu ya huko ni nyepesi zaidi!

Liko jambo moja tunalolipenda hasa kwa watoto wa Kigoma. Kusini kidogo ya Bujumbura, mahali paitwapo Mugere, kuna jiwe lililochorwa majina ya Livingstone na Stanley na tarehe 25 Novemba 1871. Mtoto wa Kigoma amezisikia habari za wawili hao kukutana Ujiji mwaka huo huo. Hapo kwenye jiwe ana kitu cha kumwambia mwenyeji, si kuuliza bei tu. Kwa hiyo aandike nyumbani sentensi tano za Kifaransa kuhusu Ujiji, na siku ya kwenda Mugere aalikwe kijana mmoja wa jirani anayesoma sekondari, amsikilize na kumsahihisha. Tungeambiwa tuchague siku moja tu katika safari nzima, tungeichagua hiyo.

Yaliyobaki ni ya safari. Kila mtoto awe na pasi yake ya kusafiria na cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Burundi imekuwa na uhaba wa mafuta miaka hii ya karibuni, hivyo mwenye gari lake ajaze tangi upande wetu, na akumbuke kwamba akivuka ataendesha mkono wa kulia. Saa nayo irudishwe nyuma kwa saa moja. Magharibi, ambayo Kigoma mwezi wa Juni hukaribia saa moja usiku, Bujumbura huadhiniwa kiasi cha saa kumi na mbili, na asiyebadili saa yake, akifuata saa za huko, atafika msikitini saa nzima kabla ya adhana.