Lambo la Mtu, Watoto wa Kijiji

Mwishoni mwa mwaka 2024 kampuni ya Base Titanium ilimaliza kuchimba madini ya mchanga huko Kwale, pwani ya Kenya. Mazungumzo yaliyofuata yalihusu ardhi, mrabaha na ajira, na yana haki ya kuendelea. Lakini kuna mali moja ambayo haifungwi kama ofisi: bwawa la Mukurumudzi, ambalo kampuni ililijenga kwenye mto unaoteremka kutoka Milima ya Shimba hadi ghuba ya Gazi. Linashika zaidi ya mita za ujazo milioni 8 za maji. Kampuni iwepo isiwepo, kila masika sharti mtu aukague ukuta wake.

Hata hivyo bwawa hilo lina bahati. Lilichorwa na wahandisi, likajengwa kwa mkataba, na jina lake linajulikana Nairobi. Wasiwasi wangu mkubwa uko kwa malambo madogo yasiyo na jina, yaliyo kwenye mashamba ya watu kuanzia Msambweni hadi Lungalunga na Kinango.

Lambo la namna hii ni tuta la udongo lililosukumwa na katapila kukinga korongo. Mwenyewe alitaka maji ya mifugo, ya miche ya michungwa, au ya mboga atakazouzia hoteli za Diani. Zikinyesha mvua mbili tatu, lambo huwa la kila mtu. Kina mama wanateka na kufua, ng'ombe wanashuka kunywa, vijana wanavua perege na kambare. Watoto wakitoka madrasa, kanzu zinaachwa kwenye nyasi na wenyewe wako majini. Hakuna aliyeomba ruhusa, na hakuna aliyekatazwa.

Panda juu ya tuta uliangalie kwa makini. Upande wa maji, kwato za ng'ombe zimekata vijia na kushusha kimo chake. Upande mkavu umeota mwarobaini ambao mwenye shamba anaupenda kwa kivuli. Siku utakapokufa, mizizi itaoza na kuacha vijishimo ndani ya udongo. Kenge naye amechimba tundu lake hapo hapo. Chini ya tuta kuna kipande cha nyasi mbichi hata katikati ya kiangazi, maana maji yanapenya. Yakitoka safi, yanahitaji kuangaliwa tu. Yakianza kutoka na tope, tuta linaliwa kwa ndani. Pembeni, mahali palipoachwa wazi ili maji ya ziada yapite, pamezibwa kwa magunia ya mchanga.

Magunia hayo ndiyo yanayonitisha kuliko yote. Aliyeyapanga hana nia mbaya; anataka nusu mita zaidi ya maji imvushe kiangazi, na anayejua kiangazi cha Kinango hawezi kumlaumu. Lakini tuta la udongo halivumilii maji kupita juu yake. Yakishapata pa kupita yanakata udongo, ufa unapanuka, mkondo unazidi nguvu, na lambo lililojazwa kwa miezi linaweza kumwagika kabla watu walio chini hawajaamka. Hiyo nafasi ya pembeni iliachwa iulinde ukuta, na kuiziba ni kuuondolea ukuta kinga yake ya mwisho.

Kenya imeshayaona haya. Usiku wa tarehe 9 Mei 2018, bwawa la shamba la Patel huko Solai, Nakuru, lilipasuka baada ya mvua kubwa. Lilikuwa bwawa la udongo la mtu binafsi, juu ya kilima, na chini yake kulikuwa na makazi ya watu. Maji na tope vilizoa nyumba na kuua zaidi ya watu 40, wengi wao wanawake na watoto. Katika mafuriko ya 2024, serikali iliamuru watu wanaoishi karibu na mabwawa na hifadhi za maji 178 wahame. Amri ya kuhama ni ya lazima maji yakishakuwa mlangoni, lakini kazi ya kukagua ilipaswa kufanywa kiangazi, udongo ukiwa mkavu na fundi akiwa na nafasi.

Kanuni za maji za mwaka 2007 zililipanga bwawa kwa kina, ujazo na ukubwa wa eneo linalolimwagia maji. Lenye kina kisichofika mita 5 na ujazo usiofika mita za ujazo 100,000 liliwekwa kwenye daraja la hatari ndogo. Kwa kujenga, mpangilio huo una maana, kwa sababu tuta fupi halihitaji mhandisi sawa na tuta refu. Kwa uhai wa watu haunitoshi. Lambo la mita 4 lenye darasa la chekechea mita 200 chini yake ni hatari zaidi kuliko la mita 10 lililo juu ya pori tupu.

Uingereza iliujua ukweli huu kwa kuchelewa. Mwaka 1925 mabwawa mawili yalipasuka juu ya kijiji cha Dolgarrog, Wales, yakaua watu 16, na miaka mitano baadaye ikatungwa sheria ya kwanza ya usalama wa mabwawa. Kwa miongo mingi sheria iliangalia ujazo. Mwaka 2010 ndipo iliporekebishwa ili swali kuu liwe hili: likipasuka, kuna uhai wa mtu utakaokuwa hatarini? Mamlaka ya Rasilimali za Maji na kaunti ya Kwale hazihitaji kungoja miaka 80 kuliuliza swali hilo hilo katika kila lambo.

Mimi ningelipanua. Watu walio hatarini si wale wa chini ya tuta peke yao; wapo pia waliomo majini. Mjadala wa mabwawa huwaruka hawa, pengine kwa sababu mtoto mmoja akizama hakuna helikopta inayotumwa. Anazikwa jioni, na kesho wenzake wanarudi kuogelea. Shirika la Afya Duniani linahesabu mamia ya maelfu ya wanaokufa maji kila mwaka, na zaidi ya tisa katika kila kumi ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Lambo lina hila zake: maji ya rangi ya chai yasiyoonyesha kina, tope linaloshika miguu, na kingo zilizokatwa wima na katapila, ambapo hatua moja inamtoa mtoto magotini na kumtia kichwani.

Halafu kuna kichocho. Msambweni imefanyiwa utafiti wa kichocho cha mkojo kwa miongo mingi, na wazee wa huko hawahitaji daktari kuwaeleza maana ya mkojo wenye damu. Konokono wa jamii ya Bulinus wanapenda maji yaliyotulia na yenye majani, ambayo ndiyo maji ya lambo. Vijidudu vya ugonjwa huu vinawatoka kwa wingi jua likiwa kali, saa zile zile mtoto anapotamani kuoga. Dawa ya prazikwanteli inatibu, lakini haimkingi mtoto anayerudi majini wiki inayofuata. Kwa wasichana madhara yanaweza kufika kwenye kizazi. Kwa hiyo ninaposema usalama wa lambo nasema pia majani ya ukingoni, birika la ng'ombe, na bomba lenye mfereji chini ya tuta, ili anayetafuta mtungi mmoja wa maji asilazimike kuingia hadi kiunoni.

Wenye mashamba wengi watajibu kwamba dawa ni ua na kibao cha kukataza. Hofu yao naielewa: ukimruhusu mtoto, akizama utaulizwa wewe. Lakini kukaa kimya hakumwokoi mwenye lambo. Sheria ya Kenya kuhusu dhima ya mwenye mahali, Sura ya 34, inamtaka atarajie kwamba watoto huwa na uangalifu mdogo kuliko watu wazima. Na watu wakilitumia lambo lako miaka mingi ukiwaona, mahakama inaweza kuhesabu kwamba umewaruhusu. Kuhusu ukuta, kanuni ya Rylands na Fletcher ya mwaka 1868, iliyotokana na bwawa la mwenye kinu huko Lancashire lililofurikia machimbo ya jirani, bado inatumika katika mahakama zetu: uliyekusanya maji kwenye ardhi yako utajibu yakitoka na kudhuru. Na ua wa miiba haujawahi kumshinda mtoto wa miaka 10 siku ya joto la Februari. Utamfanya aogelee kwa siri, mahali ambapo hakuna atakayemsikia.

Nasimama na wanaotaka malambo yafunguliwe kwa utaratibu. Patengwe ukingo mmoja wenye mteremko mdogo, mbali na tuta na bomba, usafishwe majani, na mwisho wa kina salama uonyeshwe kwa kamba yenye mitungi mitupu. Mtungi mmoja mtupu wenye kamba ndefu uning'inie kwenye mti kwa ajili ya kuokolea, kwa sababu wengi hufa maji wakiruka kumfuata aliyezama. Tuta lenyewe lisichezewe wala kulishiwa ng'ombe. Watoto nao wafundishwe kuogelea, wasichana kwa wavulana. Anayesema dini inazuia aende Nungwi, Zanzibar, ambako mradi wa Panje umewafundisha wasichana wa Kiislamu wakiwa wamevaa mavazi ya kuwasitiri.

Gharama ndiyo hoja ngumu. Mkulima mwenye ekari chache hawezi kumlipa mhandisi, na ukimtisha kwa faini ataficha lambo lake. Kaunti iliyochimba mabwawa na silanga nyingi tangu ugatuzi uanze 2013 ina wataalamu wa maji. Iwape siku chache kila Januari na Februari watembee na wazee wa mitaa, waandike kila lambo lenye nyumba chini yake au watoto ndani yake, waondoe magunia na kumwonyesha mwenyewe pa kuangalia, bila malipo. Mashamba makubwa na makampuni walipe wenyewe, na kwa Mukurumudzi wananchi waelezwe waziwazi, kabla ya masika nyingine, ni nani anayewajibika kwa ukuta ule na fedha za kuutunza zitatoka wapi.